Je, Feza Imeingia Kweli?

Mpendwa msomaji, kabla sijasema neno juu ya intaneti, nataka nikupe habari ya magunia matatu ya mchele. Mimi mwenyewe nimo ndani ya habari hiyo, na simo kwa sifa.

Wamama wa kanisa letu hapa Kasongo wana kikundi chao. Wakati wa mavuno wanachanga feza, wananunua mchele kwa wakulima, wanauweka, na bei ikipanda wanauza. Chumba cha mchele kiko nyuma ya kanisa, na wakati ule ufunguo ulikuwa kwangu. Jumamosi moja walifika vijana wawili na pikipiki mbili. Mmoja alikuwa na maneno mazuri na suruali safi. Akasema wametumwa na mfanyabiashara wa Salamabila, kule kwenye zahabu, anataka magunia matatu. Mama mtunza feza alikuwa shamba. Yule kijana hakushtuka. Akasema atalipa kwa simu, kwenye namba ya kikundi. Akabonyeza, akangoja kidogo, kisha akanipa simu yake nisome.

"Baba Pasta, angalia, feza imekwisha kwenda. Tuko na haraka, mvua inakuja."

Nikasoma. Kiasi kilikuwa sawasawa. Jina la mama mtunza feza lilikuwa pale, herufi zote. Juu ya mesaji kulikuwa na jina la kampuni ya simu. Basi nikafungua mlango. Na gunia la tatu, mpendwa, nilisaidia kulibeba mimi mwenyewe.

Mama aliporudi jioni akafungua simu yake. Hakuna kitu. Kesho yake, hakuna kitu. Baadaye kijana mmoja wa kwaya akanionyesha namna mchezo ule unavyofanyika. Mtu anachukua namba ya rafiki yake, anaiandika ndani ya simu kwa jina la kampuni, halafu rafiki anamtumia maneno yale yale ambayo kampuni hutumia. Ni kazi ya dakika moja. Jina la mama wetu halikuwa siri, kila mtu sokoni analijua.

Nililipa magunia yale kidogo kidogo, miezi saba. Lakini ndani ya mchango ule mlikuwa na feza ya mjane mmoja, aliyoiweka kwa ajili ya mtihani wa taifa wa mtoto wake. Siku ya mwisho ya kulipa haikumngoja pasta amalize deni. Mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima. Huo mwaka sikuwa na namna ya kuurudisha.

Sasa, kwa nini nakuambia haya leo? Kwa sababu vijana wetu wanataka kwenda mbele zaidi. Hawataki tena kuuza kwa yule anayesimama mlangoni tu. Wanataka ukurasa wa biashara kwenye intaneti, ambapo mtu aliye Kindu, Lubumbashi au Ulaya anachagua kitu, analipa, na kitu kinatoka. Mimi siwakatazi. Lakini nawauliza swali lile lile ambalo sikujiuliza mimi siku ya magunia.

Mkono kwa mkono, na baada ya hapo

Wazee wetu walijua biashara. Nyangwe, pale kwenye mto Lualaba, kulikuwa na soko kubwa ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871. Wamama walileta samaki, chumvi, vyungu, mafuta ya mawese, na kila mmoja aliona kwa macho yake alichopokea. Ulitoa samaki, ukashika chumvi. Mambo yameisha, unarudi nyumbani.

Noti zilipokuja tukajifunza kuamini karatasi, na karatasi ikatuumiza. Walio na umri wangu na zaidi wanakumbuka. Desemba 1979 noti za zaire 5 na zaire 10 zilikatazwa kwa siku chache tu, na waliokuwa mbali na benki walibaki na karatasi za kuwashia moto. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Juni 1998 ikaja franga ya Kongo. Kwa hiyo koko akikuambia hataki feza ambayo haiwezi kushikwa, usimcheke. Amekwisha kushika feza iliyokufa mkononi.

Lakini leo maisha ya huku yanatusukuma. Njia kati ya Kasongo na machimbo ya Kabambare si njia ya kutembea na feza mfukoni. Wanaotoka Namoya na Salamabila wanajua vizuri kuliko mimi. Kindu iko mbali, zaidi ya kilomita mia mbili. Na noti zenyewe zina taabu zake. Dola iliyochanika kidogo, hata kama ni ukucha tu, utazunguka nayo soko zima, kila mtu anaiinua juu kwenye mwanga na kukurudishia. Feza ya simu haichaniki. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na huku kwetu Kongo ilifika Novemba 2012. Leo kuna pia Airtel Money na Orange Money. Mchimbaji anaweka feza kwenye kabine karibu na shimo, na bibi yake anaitosha hapa mjini jioni ile ile.

Kijana na ukurasa wake

Kuna kijana mmoja wa kanisa letu, alisoma mambo ya kompyuta Bukavu, akarudi. Wazo lake ni zuri na nitakueleza, maana labda wewe pia unaweza kulifanya huko uliko.

Anasema hivi: mtoto wa Kasongo aliye mbali anamtumia mama yake feza kwa simu. Mama hajui kusoma mesaji, anamtuma mjukuu kwenye kabine. Mjukuu anakata kidogo. Shangazi anasikia, anakuja na shida yake. Jirani naye ana mgonjwa. Jioni mama amebaki na feza ya chumvi, na mtoto kule mbali anafikiri mama ana mchele wa mwezi mzima. (Nimecheka aliposema hivyo, kisha nikakumbuka mama yangu.) Basi yeye ataweka kwenye ukurasa picha za vitu: gunia la mchele, kibidoni cha mafuta ya mawese, mabati, madaftari. Mtoto analipia kitu chenyewe, na kitu kinafika mlangoni kwa mama. Wamama wa kikundi ndio watatoa mchele.

Vizuri. Lakini feza itaingiaje?

Njia ya kwanza ni nyepesi na wengi wanaanza nayo. Unaandika kwenye ukurasa namba yako ya feza ya simu, mteja anatuma, anakuandikia kwamba ametuma, unapeleka mzigo. Haihitaji fundi wala makaratasi. Taabu yake umeisikia tayari: mteja anakutumia picha ya mesaji yake, nawe unaiamini. Picha ya mesaji si malipo, iwe imetoka kwa mwizi au kwa mtu mwema aliyekosea namba. Unapaswa kuchukua simu yako wewe, kuingia wewe mwenyewe katika menyu ya kampuni, kuangalia feza iliyopo na malipo ya mwisho. Usisome tu mesaji iliyoingia, hata kwenye simu yako mwenyewe, kwa sababu hata hiyo inaweza kutumwa na mtu aliyejipa jina la kampuni. Ingia ndani, uangalie solde.

Na uangalie kama ni dola au franga. Huku kwetu konti ya feza ya simu ina mifuko miwili, wa dola na wa franga. Nimeona mtu anafurahia "40" bila kutazama kilichoandikwa nyuma yake.

Jambo jingine juu ya njia hii, nalo linavunja vikundi vingi. Namba ni ya nani? Kila namba imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Kama kikundi kinatumia namba ya kijana, siku anapohama, anapogombana na wenzake, au Mungu akimwita, feza inabaki ndani ya jina lake. Kampuni haijui kikundi chako. Inamjua yeye. Nimekaa na familia moja iliyofiwa, kikundi upande huu, ndugu wa marehemu upande huu, na simu katikati ya meza. Hakuna aliyejua kode ya siri. Wote walikuwa na haki kwa namna fulani, na wote walikuwa na uchungu. Basi tenga namba ya biashara mbali na namba ya nyumbani. Andikeni kwenye daftari, mkitia sahihi, kwamba feza iliyo ndani ni ya kikundi, na watu wawili wakague kila juma. Hiyo haimalizi shida yote, lakini inapunguza kelele.

Njia ya pili ni kuomba kwa kampuni ya simu konti ya mfanyabiashara. Hapo unapewa namba ya biashara, na mteja analipa kwa jina la duka, si kwa jina la mtu. Wakenya wamezoea sana. Lipa na M-Pesa ilianza kwao mwaka 2013 na leo hata muuza nyanya anayo. Kwa konti ya namna hii kampuni itataka makaratasi: mara nyingi namba ya RCCM, yaani daftari la biashara, pamoja na namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Najua wengi wetu tunafanya kazi na patente tu, au bila hata hiyo. Uliza kwanza ni karatasi gani wanazotaka kwa biashara ndogo kabla ya kupanda pikipiki kwenda Kindu.

Njia ya tatu ndiyo ile kijana wetu aliitaka, na hapa nataka tukae kidogo.

Nani anasema kwamba amelipa?

Kuna makampuni ya katikati, ambayo yanaunganisha ukurasa wako na kampuni nyingi za simu na hata na kadi za benki kama Visa na Mastercard. Pesapal ilianza Kenya mwaka 2009, Flutterwave ilianza na Wanigeria mwaka 2016, na yapo mengine. Usichague kwa jina; uliza kama inapokea namba za Kongo, kama inakulipa kwa dola au franga, na baada ya siku ngapi.

Kazi inakwenda hivi. Mteja anachagua gunia, anaandika namba yake ya simu kwenye ukurasa. Kampuni ya katikati inaambia kampuni ya simu. Simu ya mteja inaamka, inamwuliza: unakubali kulipa kiasi hiki? Anaandika kode yake ya siri kwenye simu yake yeye, si kwenye ukurasa wako. Feza inatoka kwake. Kampuni ya simu inajibu kampuni ya katikati, na kampuni ya katikati inaambia ukurasa wako. Mwishoni mteja anaona maneno "Asante, umelipa". Feza yenyewe haijafika kwako bado. Iko kwenye konti ya kampuni ya katikati kwa jina lako, nawe utalipwa siku mliyopatana, wakiisha kukata ada yao.

Kijana alinionyesha ukurasa wake kwenye kompyuta, na betri ya jua ilikuwa karibu kufa, tukaenda haraka. Nilikuwa sijui kompyuta, lakini nilijua magunia. Nikamwuliza:

"Mwanangu, ukurasa unajuaje kwamba mtu amelipa?"

"Baba Pasta, akimaliza kulipa anarudishwa kwenye ukurasa wa Asante. Akifika pale, oda inageuka kuwa kijani."

"Na nani anamleta pale kwenye Asante?"

Akanyamaza. Kumbe ni simu ya mteja mwenyewe ndiyo inayofungua ukurasa ule. Anayejua anwani ya ukurasa wa Asante anaweza kuiandika tu, akafika pale bila kutoa hata franga moja, na oda ikageuka kijani. Mpendwa, ni mesaji yangu ile ile ya Jumamosi, imevaa suruali mpya! Mnunuzi ndiye anayekuonyesha kwamba amelipa.

Namna iliyo sawa ni hii, na ukimpa fundi kazi ya ukurasa, mwulize mbele ya mashahidi kama ameifanya. Habari ya malipo lazima itoke kwa yule mwenye feza, kwa kampuni, ikaja moja kwa moja kwenye kompyuta ya ukurasa wako bila kupita mkononi mwa mteja. Na ikifika, ukurasa usiipokee kwa imani tu. Urudi kuuliza kampuni: je, oda namba hii imelipwa kweli? Kiasi gani? Kwa feza gani? Kama oda ni dola 40 na jibu ni franga 40, ukurasa ukatae. Na habari hiyo hiyo ikiletwa mara mbili, kama inavyotokea rezo ikiwa mbaya, ukurasa usitoe magunia mawili.

Upande wa pili pia kuna haki. Rezo ikikatika katikati, mteja haoni kitu, anabonyeza tena, analipa mara mbili. Usifurahie. Mwandikie kabla hajakulalamikia, umrudishie. Mteja wa mbali hana njia ya kuja kukushika shati. Ana ulimi tu, nao unafika Kasongo nzima.

Kijana alirudi nyumbani, akafanya kazi siku nne. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, lakini swali langu lilipata jibu.

Hesabu ambayo wengi hawafanyi

Tuseme gunia umelinunua dola 34, ukatumia dola 2 kwa kulibeba na kulilinda, na unauza dola 40. Faida ni dola 4. Sasa tuseme kampuni ya katikati inakata 3 kwa kila 100: hiyo ni dola 1 na senti 20. Halafu unatosha feza kwenye kabine, tuseme inakula dola moja. Umebaki na dola 1 na senti 80. Zaidi ya nusu ya faida imekwisha njiani, na hujalipa intaneti. Namba hizi ni za mfano tu. Ada za kweli uziombe kwa maandishi, zote tatu: ya kupokea, ya kuhamisha, ya kutosha. Kisha weka bei yako ukiisha kuzihesabu. Anayeziacha anafikiri anafanya biashara, kumbe anafanya kazi kwa kampuni bila mshahara.

Dawa moja ni kutotosha noti kila mara. Kama mkulima anakubali kulipwa kwa simu, mlipe kwa simu. Kama muuza mabati anakubali, vivyo hivyo. Feza inazunguka bila kupita kwenye kabine.

Lakini usiweke yote ndani ya simu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, benki zilifunga milango, na mwezi uliofuata ikawa hivyo Bukavu. Watu wengi walibaki na feza ya simu tu. Iliwasaidia sana, wengine walikula kwa sababu yake. Ila noti zilipungua mjini, na ilifika wakati mtu mwenye dola 100 ndani ya simu alilazimika kuacha sehemu yake kwenye kabine ili apewe noti. Feza ya simu ina nguvu kama kuna mtu upande wa pili mwenye noti au mwenye chakula anayeikubali.

Juu ya kadi za benki nitasema kidogo tu, kwa sababu wateja wa Ulaya watakuomba. Mwenye kadi anaweza kwenda kwa benki yake baadaye na kusema, "sikununua kitu hiki," na benki ikakunyang'anya ile feza mpaka uonyeshe ushahidi. Kwa hiyo tunza ushahidi: picha ya mama akipokea gunia, sahihi au kidole chake, tarehe. Na usikubali hata siku moja mteja akutumie picha ya kadi yake kwa WhatsApp ili "umsaidie" kulipa. Namba zile zikipotea, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kode ya siri najua mmechoka kuisikia. Hata hivyo: hakuna mtu wa kampuni anayehitaji kode yako, hata kama anajua jina lako na la baba yako. Ukituma kwa namba isiyo yako, usimpigie kwanza mtu aliyepokea na kuanza kumbembeleza. Piga kwa kampuni, saa ile ile, kabla hajaitosha. Na ukiibiwa, usione haya kama nilivyoona mimi. Nilikaa siku mbili bila kusema, nikiogopa wamama, na siku mbili hizo zilimtosha mwizi. Nchi yetu ina sheria ya mifumo ya malipo tangu Julai 2018, na Kode ya Numeriki tangu Machi 2023, ambayo inatambua biashara ya intaneti na kuadhibu wizi wa namna hii. Sheria haikimbii kama pikipiki, lakini bila mesaji uliyoitunza, na namba, na saa, haiwezi hata kuamka.

Oda ya kwanza

Ufunguo wa chumba cha mchele hauko tena kwangu. Wamama waliuchukua, kwa adabu sana, na sikubisha. Uko kwa mama mtunza feza, na simu ya kikundi iko kwa mama mwingine, ili mmoja asifungue bila mwingine kusema ndiyo.

Oda ya kwanza ilifika siku ya Alhamisi, mchana. Binti mmoja aliye Lubumbashi alinunua gunia moja kwa ajili ya mama yake, anayekaa mbali kidogo na mji. Kijana alikuja mbio kanisani, kompyuta chini ya koti.

"Kijani, Baba Pasta! Iko kijani! Tutoe?"

Nikatazama wamama. Mama mtunza feza alikuwa amekaa juu ya kiti cha miti, anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kijani ni rangi. Mama wa simu aangalie konti."

Mama wa simu akaangalia. Rezo haikuwepo. Tukangoja. Mvua ikanyesha, ikaisha. Kijana alikuwa anatembea huku na huku kama baba anayengojea mtoto kuzaliwa. Mtu wa baiskeli tuliyemwita akaanza kulalamika kwamba jua linashuka na njia ina matope. Karibu saa kumi rezo ikarudi. Mama akaingia kwenye konti ya kikundi kule kwa kampuni ya katikati, akasoma polepole, kidole juu ya kioo, namba ya oda, kiasi, dola. Akampa mwenzake asome. Mwenzake akasoma, akatoa ufunguo kwenye kitambaa alichofunga kiunoni.

Gunia likatoka. Safari hii sikubeba mimi. Mtu wa baiskeli akalifunga vizuri kwa kamba za mpira, akashika usukani, akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Na mimi," akauliza, "nani atanilipa?"

Tukamtazama kijana. Kijana akafungua kompyuta, akatafuta juu, akatafuta chini. Bei ya gunia ilikuwa pale, na ada ya kampuni, na picha nzuri ya mchele. Malipo ya baiskeli hakuyaandika fasi yoyote. Mama mtunza feza akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akafungua tena kile kitambaa, akahesabu franga, akampa mtu wa baiskeli mkononi.